Tonge Limekwama Wapi?

Mjukuu wangu, rudisheni kwanza hizo pesa mlizoanza kuchanga. Nimesikia mlikaa kwa baba yako mkubwa mkaandika majina ya watu na kiasi cha kila mmoja, na kwamba kuna aliyetaja bei ya jeneza. Mtu mnayempimia mbao anatembea. Leo asubuhi amepita hapa akienda sokoni Khayega na mikungu yake ya ndizi, amenisalimu, na sauti yake ni ile ile. Ni mwanangu, baba yako mdogo, mimi ndiye niliyemzaa, na bado sijaanguka chini kulia. Ninyi mmeanzaje matanga kabla yangu?

Sikukasirikii. Nimechoka tu. Maneno nitakayokuambia niliyasema nikiwa bado na sare nyeupe wodini, nikayasema nilipostaafu, na sasa nayasema nikiwa kwenye kiti cha plastiki mlangoni pangu. Lakini wewe ndiye bwana wangu mdogo, na ndiye unayesoma pale Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kwa hivyo utanisikiliza mpaka mwisho kisha uwaambie wengine. Usiniambie, "Kukhu, fupisha." Sifupishi.

Hofu yenu ina asili yake. Huku kwetu mtu mzima akianza kushindwa kumeza, kila mtu anajua jina la ugonjwa kabla daktari hajanawa mikono. Saratani ya umio ni miongoni mwa saratani zinazoua watu wengi zaidi nchini Kenya, na Bonde la Ufa pamoja na magharibi zimeijua kwa muda mrefu. Kule Bomet, katika hospitali ya Tenwek, daktari Russell White na wenzake waliandika mwaka wa 2002 kwamba walikuwa wakiiona hata kwa vijana, watu wa umri ambao kwingine duniani ugonjwa huu huwagusa kwa nadra. Hata chai yetu imetajwa. Mwaka wa 2016 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi joto 65, pengine husababisha saratani hiyo. Chai yenyewe haina neno. Tatizo ni moto wake. Babu yako alikuwa akiinywa ikiwa bado inachemka kikombeni na kujisifu kwamba koo lake limekomaa. Koo halikomai.

Kwa hivyo sisemi kwamba haiwezi kuwa hiyo. Mtu wa umri wa baba yako mdogo, hapa tunapoishi, tonge likimkwama, jambo la kwanza ni kujua kama ni saratani au siyo. Hakuna mti wa porini, mchungaji wala kemisti atakayekujulisha hilo. Ni kamera inayoshushwa kooni, endoskopia, na ikionekana sehemu isiyoeleweka, kinyama kidogo kinakatwa kinapelekwa maabara. Haya mengine nitakayokueleza ni nadra, tena nadra sana, na sitaki uyashike kama sababu ya kukaa nyumbani. Nakueleza kwa sababu nimewaona watu wakingojea kufa kwa ugonjwa ambao haujathibitishwa na mtu yeyote, wakiacha kula kwa woga wa kukabwa, wakikonda kwa njaa, kisha jirani wakasema, si tulisema?

Na kuna jambo lingine ambalo hata watu waliosoma hawalijui. Kamera huona ndani ya bomba la chakula, yaani umio. Jirani anayelibana bomba kutoka nje, kamera inaweza kupita hapo bila kumtambua. Mgonjwa anaambiwa hana kitu, ni asidi, ni mawazo, apunguze pilipili. Anarudi nyumbani na karatasi safi, na ugali bado haushuki. Hapo ndipo watu huanza kutafuta mchawi.

Umio wa mtu mzima una urefu wa sentimita 25 hivi. Unaanzia chini ya koo, usawa wa pingili ya 6 ya shingo, unashuka nyuma ya bomba la pumzi na mbele ya uti wa mgongo, unapita nyuma ya moyo, unatoboa kiwambo na kuingia tumboni. Hauna chumba cha peke yake. Ni kama kile kichochoro kati ya vibanda pale soko la Kakamega: watu hupita vizuri mpaka mwenye duka mmoja asogeze meza yake nusu hatua. Ukiwa mtupu, umio hujilaza bapa. Chakula kikija, hutanuka. Ukibanwa upande mmoja, maji yatapita, uji wa wimbi utapita, mrenda utateleza wenyewe, lakini tonge la ugali na kipande cha nyama vitagoma. Ndiyo maana nauliza kila siku, limekwama wapi, na ni chakula gani, na tangu lini, na je, ni kila mara au mara moja moja? Na mtu akikuonyesha kwa kidole, sikiliza vizuri. Akionyesha katikati ya kifua, mara nyingi ndipo penyewe. Akionyesha shingoni, usiamini upesi, kwa sababu kizuizi kilicho chini kabisa karibu na tumbo huweza kuhisiwa shingoni.

Haya, majirani wenyewe. Jirani anayejulikana na wote ni tezi ya shingo. Nilipokuwa msichana tuliona kina mama wengi wenye goita iliyoning'inia, tukadhani ni kawaida ya uzee. Mwishoni mwa miaka ya 1970 sheria ya Kenya ikataka chumvi itiwe ayodini, na goita zikapungua. Hazikuisha. Isitoshe, ile inayosumbua kumeza pengine si ile unayoiona. Kuna goita inayoshuka chini, ikaota nyuma ya mfupa wa kifua, na shingo ikabaki nyembamba kama ya msichana. Daktari Mwingereza aliyeitwa Pemberton alieleza mwaka wa 1946 njia rahisi ya kuishuku: mtu ainue mikono yote miwili mpaka iguse pande za kichwa, aishikilie hapo kama dakika moja. Uso ukijaa damu, mishipa ya shingo ikasimama na pumzi ikabana, basi kuna kitu kinaziba mlango wa kifua. Haihitaji umeme wala pesa. Msiifanye mchezo wa watoto, lakini daktari akiwaomba mfanye, mjue anatafuta nini.

Juu kabisa, chini ya sikio, kila mmoja wetu ana kijifupa chembamba chenye ncha kinachotoka kwenye fuvu na kuelekea koo. Wataalamu wanakiita stailoidi. Kwa kawaida kina sentimita 2 na nusu hadi 3. Kwa watu wachache huwa kirefu kuliko hapo, au utepe unaokishikilia hugeuka kuwa mfupa. Wengi wao watazikwa na mfupa huo bila kuujua. Wachache huhisi kitu kimesimama kooni, wakimeza inachoma, maumivu yanapanda hadi sikioni, wakigeuza shingo yanazidi. Mmarekani Watt Eagle, daktari wa masikio na koo katika Chuo Kikuu cha Duke, aliandika juu yake mwaka wa 1937, na ugonjwa ukabaki na jina lake. Kwa baadhi ya wagonjwa shida huanza baada ya kukatwa tonsili.

Fikiria mtu wa namna hiyo akiwa huku kijijini. Atakunywa antibayotiki za kemisti mara nyingi. Atang'olewa jino zima. Ataambiwa kuna aliyemtazama kwa jicho baya akila. Na jibu lake liko kwenye kidole cha daktari: avae glavu, abonyeze mahali tonsili zinapokaa, na kama mfupa uko hapo, atauhisi, na mgonjwa ataruka kwa yale maumivu yake anayoyajua. Kisha eksrei au skani inaonyesha urefu wake. Ukisumbua sana, hufupishwa kwa upasuaji.

Hapa nisimame kidogo, maana nasikia shangazi yako anataka baba yako mdogo apelekwe kukatwa kimeo, kile kinyama kinachoning'inia mwisho wa kinywa. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki watu wamekikata kwa vizazi, watoto wachanga hasa, kwa kikohozi, kwa kutapika, kwa kukataa ziwa. Nimewaona watoto walioletwa baada ya kukatwa. Damu haikomi, jeraha linaoza, pepopunda inaingia. Kimeo hakiongezeki kikaziba njia ya ugali. Kazi yake ni kusaidia kufunga mlango wa pua unapomeza. Ukishakikata umemwongezea mtu asiyemeza jeraha la kumeza nalo.

Nyuma ya koo iko shingo yenyewe. Kwa wazee, wanaume zaidi, pingili za shingo huota vichomozi vya mfupa upande wa mbele, vikasukuma koo. Madaktari Forestier na Rotés-Querol walieleza mwaka wa 1950 namna ambavyo uti mzima wa mzee unaweza kuungana kwa mifupa hiyo mipya. Wenye kisukari huonekana kuwa nao zaidi. Eksrei ya shingo iliyopigwa kutoka ubavuni huonyesha. Sina mengi zaidi hapo, ila mzee akikuambia kwamba chakula kinapita akiinamisha kidevu na kinakataa akiinua kichwa, usimcheke kwamba ameanza kurudi utotoni.

Sasa nikupe kisa ambacho tulisimuliwa chuoni na sijakisahau. Katika Uingereza ya karne ya 18 alikuwako mama mmoja aliyesumbuliwa na kumeza miaka mingi, mpaka akafa kwa njaa akiwa na miaka 62. Daktari David Bayford alipoupasua mwili hakukuta uvimbe wala kidonda. Alikuta mshipa. Mshipa mkubwa unaopeleka damu mkono wa kulia ulikuwa umetokea mahali pasipo pake. Kwa kawaida huchipuka upande wa kulia na kwenda zake. Wa mama huyu ulichipuka mwisho kabisa, upande wa kushoto wa mshipa mkuu unaotoka moyoni, kisha ukalazimika kuvuka hadi kulia ukipita nyuma ya umio. Kila tonge lilikuta njia imebanwa. Bayford alichapisha habari hiyo mwaka wa 1794, akauita mzaha wa maumbile.

Kosa hilo hutokea mimba ikiwa changa, mishipa ya mtoto inapojipanga na kipande kinachofaa kufifia kikabaki, kile kinachofaa kubaki kikafifia. Hakuna alichokula mama wala alichokikanyaga. Kati ya watu 200, mmoja au wawili huzaliwa hivyo, na wengi mno hawajui, maana mshipa laini wa kijana hauwezi kuushinda umio. Wengine huanza kulalamika wakifika miaka 40 au 50, mshipa unapoanza kukakamaa. Mtu amekula nyama maisha yake yote, halafu ghafla nyama inagoma, na yeye hajawahi kuugua. Utamwelezaje kwamba alizaliwa nao? Huyu ndiye ambaye kamera inaweza kumpita. Akinyweshwa bariamu, ile dawa nyeupe inayong'aa kwenye eksrei, inaonekana alama ya kubonyea iliyolala mshazari. Skani yenye dawa ya mishipa inamaliza ubishi. Wengi hushauriwa kutafuna vizuri na kumeza vidogo vidogo, na wachache tu hupasuliwa.

Kwa mtoto mambo ni mengine. Mishipa ikikosea zaidi hadi ikazunguka bomba la pumzi na umio pamoja, mtoto atapumua kwa kelele tangu siku za mwanzo, na mkianza kumpa vyakula vigumu atakabwa kila mara. Mtoto wa namna hiyo hutibiwa pumu mpaka achoshe kila mtu. Mtoto anayepumua kwa kelele na pia kukabwa na chakula, yote mawili pamoja, msikubali jibu la pumu peke yake.

Jirani anayeniumiza roho kuliko wote ni moyo, kwa sababu huyo tungeweza kumzuia. Chumba cha juu cha kushoto cha moyo kimelala mbele ya umio, wamegusana. Sasa sikiliza safari yake. Mtoto wa shule anaumwa koo kwa bakteria wa streptokoka. Mama anamnunulia vidonge viwili vya maumivu, koo linapoa, yamekwisha. Wiki mbili tatu baadaye mtoto ana homa, magoti yanavimba, leo goti kesho kifundo, watu wanasema ni baridi au amecheza mpira vibaya. Hiyo ni homa ya baridi yabisi, na ikirudiarudia huacha makovu kwenye vali za moyo. Mlango wa vali ukishakuwa mwembamba, damu inarundikana kwenye kile chumba cha kushoto, chumba kinatanuka mwaka baada ya mwaka, na mwisho kinausukuma umio. Msichana amekuwa mama wa miaka 30, anapanda mlima na mtungi wa maji akihema, chakula kinakwama kifuani, na pengine sauti imekwaruza kwa sababu neva inayoendesha sauti nayo hubanwa humo humo. Daktari Ortner wa Vienna alilieleza hilo mwaka wa 1897. Watu wanaona mambo matatu yasiyohusiana: kifua, koo, sauti. Ni moyo mmoja.

Na dawa ya kuuzuia moyo huo ni penisilini, ya zamani, ya bei nafuu, ipo hadi kwenye vituo vidogo. Koo la mtoto litibiwe kikamilifu. Aliyekwisha kupata homa ile hudungwa sindano kila wiki 3 au 4 kwa miaka mingi, hata akijisikia mzima. Kina mama walikuwa wakiniambia, "Sista, mbona mnamdunga mtoto asiye mgonjwa?" Nami nilijibu mpaka mate yakanikauka. Tenwek ile ile ya Bomet hufungua mioyo ya vijana walioharibiwa vali kwa njia hii. Ni kazi nzuri wanayofanya, lakini kila ninapoisikia nafikiria lile koo la kwanza na vile vidonge viwili.

Nimekueleza wanaobana kutoka nje. Kuna pia yanayoota kwenye ukuta wa umio wenyewe. Sehemu ya juu kabisa huweza kutokea utando mwembamba unaoziba nusu ya njia, na mara nyingi ni kwa wanawake wenye upungufu wa damu kwa kukosa madini ya chuma. Paterson na Brown Kelly, madaktari wawili, waliueleza mwaka wa 1919, kila mtu kwa upande wake. Mama huwa mweupe viganjani, amechoka, ulimi umekuwa laini na unauma, pembe za mdomo zimechanika, na vyakula vikavu havipiti shingoni. Nikiona wasichana wetu wakinunua odowa, ule udongo wa kutafunwa, sokoni na kuutafuna njiani, hasa wakiwa na mimba, huwa najiuliza damu yao iko kiasi gani. Hamu ya kula udongo na upungufu wa chuma hutembea pamoja. Halafu mtu huyo huyo anakunywa chai nzito juu ya chakula, na chai inazuia chuma kisiingie mwilini. Ngojeni saa moja hivi ndipo mnywe, na iwe imepoa! Wakati mwingine vidonge vya chuma peke yake humfungulia mtu njia; wakati mwingine kamera huuchana utando ikipita hata bila daktari kukusudia. Lakini mwenye tatizo hili afuatiliwe, kwa maana saratani ya koo huwapata zaidi watu wa aina hii.

Chini kabisa, umio unapoungana na tumbo, wengine hupata pete nyembamba. Richard Schatzki aliiandika mwaka wa 1953. Nafasi ikiwa chini ya milimita 13, mtu karibu lazima atasumbuka. Dalili yake utaikuta matangani: mwanamume anakula haraka, anameza pande la nyama, ghafla ananyamaza, macho yanatoka, anatoka nje nyuma ya nyumba, anatapika au linashuka, kisha anarudi na kuendelea kula. Halafu miezi inapita bila lolote. Hakondi. Maji hayamsumbui. Hutanuliwa kwa kifaa maalumu kinachopitishwa kooni, na mara nyingi anarudi mezani.

Najua umefikiri nini sasa hivi, kwa sababu nami nilifikiri vivyo hivyo. Kwamba hiyo ndiyo ya baba yako mdogo, kwa kuwa inamjia na kumwacha, kwa kuwa hajakonda. Nyamaza. Mama hupenda jibu jepesi kwa mwanawe, na ndiyo maana mama hapaswi kuwa daktari wa mwanawe. Aende apimwe.

Kuna jambo moja tu nimebakisha, na nalitaja kwa ajili ya hatari yake. Nyuma ya koo, juu kidogo ya mlango wa umio, kuna mahali ambapo misuli ni dhaifu. Kwa baadhi ya wazee ukuta huchomoza hapo na kuwa kifuko, na chakula kikaingia humo badala ya kushuka. Usiku mzee akilala, chakula cha mchana kinarudi mdomoni hakijayeyushwa, anakohoa, kinywa kinanuka, na ukitega sikio shingoni unasikia gurugurugu. Mtu wa hivyo lazima daktari aambiwe kabla ya kushusha kamera, kwa maana kamera inaweza kuingia kwenye kifuko na kukitoboa. Anywe bariamu kwanza. Mgonjwa anaona aibu kusema kwamba kunde za jana zimerudi leo. Msemee wewe.

Sasa utaratibu. Angalia kwanza kama baba yako mdogo amesajiliwa SHA, ile bima ya afya ya serikali, kwa simu yake mwenyewe, si ya mtu mwingine. Umpeleke hospitali kuu ya kaunti hapo mjini, uombe aonwe kwa ajili ya kushindwa kumeza, utumie maneno hayo hayo. Usiseme vidonda vya tumbo. Usiseme asidi. Ukitaja jina la ugonjwa mlangoni, utatibiwa jina hilo. Akiandikiwa rufaa kwenda hospitali ya Moi, Eldoret, msikae na barua chini ya godoro mkingoja mavuno ya mahindi. Kama kamera haikuona kitu na tonge bado linakwama, rudini, muulize kwa heshima kama anaweza kunyweshwa bariamu, na kama inafaa apigwe skani ya shingo na kifua. Daktari mzuri hakasiriki akiulizwa hivyo.

Wakati mnangoja, ale ameketi wima, vidogo, atafune, anywe maji kati ya matonge, asilale mara baada ya kula. Mwiba wa samaki ukimkwama mtu msimshindilie tonge kubwa la ugali kuusukuma, hiyo tabia yenu inatoboa watu umio. Na ikitokea siku ameshindwa kumeza hata mate yake, anayatema tu, hiyo si ya kungoja asubuhi. Tafuteni gari usiku huo huo. Anza kuandika uzito wake kila wiki, pale kwa mhudumu wa afya ya jamii kuna mizani.

Yule mama wa ng'ambo ya mto mnayemtaja chinichini kwamba alimtazama akila, mwacheni. Nimekuwa nikimwona akila nyumbani kwake peke yake kwa sababu ya maneno kama hayo yenu, na yeye hana mshipa wala mfupa wa mtu yeyote mkononi mwake.

Jumatatu mwende mapema, kabla foleni haijawa ndefu. Beba vidonge vyote alivyowahi kununua kwa kemisti, hata pakiti tupu. Daktari akiuliza ilianza lini, mwache ajibu yeye, usiharakishe. Akiulizwa kuhusu chang'aa na sigara, usimjibie pia. Ila ukimsikia anapunguza hesabu, mkanyage mguu chini ya meza, useme mimi ndiye niliyekutuma.